Tuache kumuita "Mozart mweusi"



Kuna picha moja inayopita-pita ku simu zetu. Mwanaume mweusi, kichwani nywele nyeupe kama za wakubwa wa zamani wa Ulaya, mkononi upanga. Chini yake wameandika: "Mozart mweusi, yule waliyetuficha." Kila mara inapopita, watu wanaweka makofi na kuisukuma mbele. Mimi pia niliisukuma. Kiisha nikafanya kitu ambacho sisi wenye kusukuma picha hatufanye mara mingi: nikatafuta muziki wake, nikausikiliza. Wiki tatu, kila usiku umeme ulipokuwako. Nilipomaliza, fahari yangu ilikuwa ingali pale, lakini lile jina lilikuwa limeanza kunichoma.

Huyu mtu aliitwa Joseph Bologne, chevalier de Saint-Georges. Aliandika konserto za violoni, kwateti, simfonia na opera, na aliongoza orkestra mbili kati ya zile kubwa za Paris. Neno langu leo ni hili: jina "Mozart mweusi" linaonekana kama sifa, kumbe linamnyang'anya kazi yake. Na sisi tunaolirudilia kwa fahari, tunasaidia kumnyang'anya.

Nianze na mambo yangu kidogo, ili muelewe kwa nini jambo hili linanigusa.

Wakati wa masomo nilifanya staji katika mradi mmoja wa mbegu. Nilikuwa nafika mbele ya saa, daftari yangu ya vipimo ilikuwa safi. Siku moja mkubwa wetu akanishika bega mbele ya wote, akasema: "Muone huyu kijana, anatumika sawa muzungu!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa sifa. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kwa miguu nikajiuliza: mama yangu, anayeamka saa kumi ya usiku ili afike shambani mbele ya jua, yeye anatumika sawa nani? Kushika saa nilijifunza kwake. Ile sifa ilinipandisha mimi, na papo hapo ikamfuta yeye.

Sifa ya namna ile inasema kwamba kipimo kiko kwingine, na wewe umekikaribia. Haisemi hata kidogo wewe ni nani. "Mozart mweusi" ni sifa ya ukoo ule ule.

Sasa tumuangalie mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 25 Desemba 1745 huko Baillif, Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani kilichokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake, George Bologne, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa katika mashamba yale, binti mdogo ambaye hajafika hata miaka ishirini. Hapa niruhusuni niseme kama agronomu. Wale wa bonde la Ruzizi mnaijua miwa ya Kiliba. Muwa ukishakatwa hausubiri mtu. Ukilala siku moja mbili bila kukamuliwa, sukari yake inaanza kuharibika. Ndiyo maana wakati wa mavuno kinu kinazunguka mchana na usiku. Katika visiwa vile, mikono iliyokata muwa na kulisha kinu usiku kucha ilikuwa mikono ya watumwa. Nguo za hariri, walimu wa violoni, shule ya upanga: mambo yote mazuri tunayoyaona ku picha yalilipwa na ile miwa. Picha inaonyesha upanga. Nanon haonekani.

Mwaka 1753 baba alimpeleka mtoto Ufaransa kusoma, akiwa na miaka saba. Kufikia miaka kumi na tatu alikuwa katika shule ya upanga ya La Boëssière, moja ya shule zilizojulikana sana Paris. Mwalimu mmoja wa upanga wa Rouen, jina lake Picard, akamdharau hadharani juu ya rangi yake. Wakapambana, na kijana akamshinda mbele ya watu. Mfalme akamuingiza katika askari wake wa heshima, akawa chevalier. Lakini shika hii pembeni: mwaka 1762 serikali iliamuru weusi na machotara wote wa Paris waandikishwe, na jina la Joseph liliandikishwa kama la wengine. Mwaka 1778 ndoa kati ya wazungu na watu wa rangi ikakatazwa kwa sheria. Kwa hiyo mtu huyu aliweza kualikwa kucheza violoni katika nyumba yoyote kubwa ya Paris, na hakuweza kuoa binti wa nyumba ile. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, ile mingine ilifungwa.

Tufike ku muziki. Huku kwetu ukisema "orkestra", mtu anawaza rumba: gitaa, ngoma, na waimbaji mbele. Hamjapotea sana. Katika orkestra zile za Saint-Georges hakukuwa na mtu wa kusimama mbele na kafimbo akiwapa wachezaji uso na watu mgongo. Kiongozi alikuwa mchezaji. Alikaa na violoni ya kwanza, na upinde wake ndio uliosema tuanze, tupunguze, tusimame. Mwenye kukumbuka jinsi Franco alivyoongoza OK Jazz akiwa na gitaa mkononi ataelewa upesi. Unaongoza watu ukiwa ndani ya sauti yao, na ukikosea wewe, wote wanasikia.

Saint-Georges aliingia katika orkestra iliyoitwa Concert des Amateurs mwaka 1769, chini ya François-Joseph Gossec, mmoja wa watungaji wakubwa wa Ufaransa. Mwaka 1772 akasimama kama mchezaji wa pekee na konserto mbili alizotunga mwenyewe. Mwaka 1773 Gossec alienda kuongoza kwingine, na orkestra ikabaki mkononi mwa Saint-Georges. Alikuwa na miaka ishirini na saba, umri wa wengi wetu hapa. Miaka miwili baadaye almanaki moja ya muziki iliitaja kuwa orkestra bora ya simfonia katika Paris, labda hata katika Ulaya nzima. Watu wale wale, vyombo vile vile, kiongozi mpya. Hii ndiyo kazi ambayo picha yetu haisemi. Watu wanapenda kusema alipiga violoni kama malaika na upanga kama shetani. Lakini kupiga vizuri peke yako ni jambo moja. Kuwafanya wachezaji makumi wapumue pamoja, hilo ni jambo lingine kabisa, na ndilo alilolifanya kwa miaka mingi.

Basi mwaka 1776 nafasi ikafunguka ku Opera ya Paris, nyumba kubwa ya muziki kuliko zote za ufalme. Walitafuta wa kuiongoza, na jina la Saint-Georges likatolewa. Kwa kipimo cha kazi, nani alikuwa mbele yake? Lakini wasanii wanawake watatu wa nyumba ile, waimbaji Sophie Arnould na Rosalie Levasseur pamoja na mcheza dansi Guimard, walimwandikia malkia Marie-Antoinette. Walimwambia kwamba heshima yao na dhamiri yao haviwezi kuwaruhusu kupokea amri za chotara.

Hawakusema hajui muziki. Hata mmoja hakuthubutu kusema vile. Walisema sisi hatuwezi kuongozwa na mtu wa namna hii.

Na mfalme alifanya nini? Hakumkataa Saint-Georges. Aliichukua Opera mkononi mwake, akaipa watu wa nyumba yake waisimamie, na mambo ya mgombea yakaisha bila mtu kusema "hapana". Nafasi haikupewa mwingine. Nafasi iliyeyuka.

Niliposoma pale niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Miaka miwili iliyopita niliomba kazi ya kusimamia timu ya wanyamapara wa kilimo katika mradi ambao sitautaja. Mtihani wa kuandika nilikuwa wa kwanza, walinionyesha orodha. Kiisha mkubwa mmoja akaniita pembeni, kwa upole kabisa: "Mudogo yangu, weye uko fort, hatukatae. Lakini bale ba terrain habatakubali kuongozwa na mutu wa kule kwenu. Unajua vile mambo iko." Nikamuuliza kama kuna kitu nimekosa ku kazi. Akasema hapana, tena akanisifu. Wiki mbili baadaye tukapata ujumbe kwamba nafasi ile imeondolewa juu ya mambo ya bajeti. Mwezi uliofuata ile kazi ilikuwa inafanywa na watu watatu waliokuwa tayari mule ndani.

Sijifananishe na Saint-Georges. Mimi sijui kupiga hata ngoma ya kanisa. Nasema tu kwamba niliutambua ule ujanja. Mlango unaofungwa kwa ngumi unaweza kuupigia kelele. Mlango unaoondolewa pamoja na ukuta wake, utaugonga wapi?

Saint-Georges hakupewa tena nafasi ya namna ile. Mwaka uliofuata alijaribu kuingia ku teatro kwa njia ya kutunga. Opera yake Ernestine, maneno yake yakiwa yameandikwa na Laclos, ilichezwa tarehe 19 Julai 1777 mbele ya malkia, na ikafa usiku ule ule. Hapa tuwe wakweli: hakuna aliyeiua juu ya rangi. Watu walipenda muziki, hadithi ndiyo waliyoicheka. Alichagua vibaya maneno ya kutungia, na hakuwa na jicho kali la teatro. Kati ya opera zake, iliyotufikia nzima ni moja, L'Amant anonyme ya 1780. Ina nyimbo nzuri sana, lakini watu wake ndani ya hadithi wanakaa tu wakisubiri zamu ya kuimba. Katika opera za Mozart watu wanaimba juu wanataka kitu, na unaona wanavyobadilika wakiimba. Tofauti ile ipo, na kuificha hakumsaidie mtu.

Sasa huyo Mozart mwenyewe. Alizaliwa Januari 1756, mdogo kwa Saint-Georges kwa miaka kumi na zaidi kidogo. Alifika Paris mwezi wa Machi 1778 na mama yake, kijana wa miaka ishirini na mbili, akitafuta kazi. Paris haikumpokea vizuri. Kazi ya maana hakuipata, na tarehe 3 Julai mama yake akafa kule kule. Alipokelewa nyumbani kwa Grimm, yule yule mwandishi aliyekuwa ameandika habari za barua ya wale wasanii miaka miwili mbele. Mwezi wa Septemba akaondoka. Wakati wote ule Saint-Georges alikuwa kiongozi wa orkestra inayosifiwa na mji mzima.

Ndiyo maana jina lile linachekesha ukiliangalia vizuri. Mwaka 1778 kama mtu angesema Paris "huyu ni Mozart mweusi", watu wangeuliza: Mozart ndiye nani? Mgeni aliyetafuta kazi alikuwa Mozart. Mwenye orkestra alikuwa Saint-Georges. Na ile namna ya muziki inayoitwa simfonia konsertante, ambapo wachezaji wawili au zaidi wanashindana na kusikilizana mbele ya orkestra, ilikuwa mtindo wa Paris, na Saint-Georges alikuwa mmoja wa watungaji wake wa kwanza. Mozart alirudi Salzburg, na mwaka 1779 akaandika ile yake ya violoni na alto, ambayo ni kati ya vitu vizuri sana vilivyowahi kuandikwa kwa namna ile. Mgeni alikula ku meza ya wenyeji, kiisha akapika vizuri kuliko wote. Vyote viwili ni kweli, na havipigane.

Lakini ona vile sisi tunafanya. Badala ya kweli hii, ambayo inatosha kabisa, tunasukuma ile video ya filamu ya Chevalier ya mwaka 2022, ambamo Saint-Georges anapanda jukwaani na kumshinda Mozart kwa violoni, Mozart anakasirika na kutoka. Ile shindano imetungwa. Ni filamu, ina haki ya kutunga. Sisi wenye diploma hatuna haki ya kuituma kama historia. Tena iangalieni vizuri: hata pale, ili tukubali kwamba Saint-Georges ni mkubwa, ilibidi Mozart aletwe ashindwe. Kipimo ni Mozart tu.

Wenzangu wa kilimo wanajua kosa hili kwa jina lake. Ukifanya jaribio la mbegu unaweka parcelle témoin, na kila kitu kingine lazima kiwe sawa: udongo, maji, tarehe ya kupanda. Na lazima ujue unapima nini. Huku Kivu tuna maharagwe yanayopanda ku miti na maharagwe mafupi. Ukipima maharagwe mafupi kwa urefu, yatashindwa kila mwaka, na utaandika ku ripoti kwamba ni mbegu mbaya. Kumbe yanakomaa mbele, na familia inakula wakati yale marefu yangali yanatoa maua.

Kwa hiyo tumpime Saint-Georges kwa kitu alichokipanda mwenyewe: violoni yake.

Chukua konserto ya violoni Opus 5 namba 2. Katika sehemu ya kwanza orkestra inaanza kwa heshima, bila haraka. Kiisha violoni inaingia, na unasikia mara moja kwamba mtungaji anakijua chombo kwa vidole vyake. Inaruka kutoka kamba nzito ya chini hadi juu kabisa, pale ambapo wachezaji wengi wa wakati ule hawakupenda kwenda, na inarudi chini bila kujikwaa. Watu wanasema huu ni upanga wake. Mimi sipendi sana mfano ule, lakini naelewa: mkono wa kulia unaojua umbali. Kiisha inakuja sehemu ya polepole. Hapa hana cha kuonyesha. Violoni inaimba wimbo mrefu, orkestra inaushika kwa chini tu, na kila unapofikiri wimbo umeisha, unapata pumzi nyingine. Hii sehemu niliisikiliza usiku mmoja mara nne. Mtu aliyeandika vile hahitaji jina la mtu mwingine.

Sehemu ya mwisho ni rondo, yaani kiitikio kinachorudi-rudi. Saint-Georges ana tabia ndani ya rondo zake: katikati ya furaha anageuza sauti kuwa ya huzuni, kama mtu anayecheka na wageni kiisha anaangalia dirishani, halafu kiitikio kinarudi kama hakuna kilichotokea. Wengi wanataka kusikia mle mateso ya mtu mweusi. Mimi nasema polepole: watungaji wengine wa Paris walifanya vile pia. Kila noti ya huzuni tusiifanye kitambulisho cha rangi. Mtu ana haki ya kuwa na huzuni bila kutoa sababu.

Na pale alipokuwa mdogo? Chukua simfonia mbili za Opus 11, za mwaka 1779. Ni safi, nyepesi, zinaisha upesi. Ukizisikiliza mara tatu umezimaliza. Saint-Georges anapenda kukupa wimbo mzuri, halafu wimbo mwingine mzuri, halafu mwingine. Mara chache anachukua wimbo mmoja na kuuvunja aone kuna nini ndani. Hata kwateti zake za kwanza, zilizochapishwa mwaka 1773 na ambazo ni kati ya za mwanzo kabisa Ufaransa, ni kama mazungumzo mazuri ya sebuleni: kila mtu ana adabu, hakuna anayebadilisha mawazo. Haydn wakati ule ule alikuwa tayari anafanya vyombo vinne vibishane kweli.

Na kwa kuwa nimemtaja Haydn, huku ndiko naona urefu wa Saint-Georges kama kiongozi. Mwaka 1781 Concert des Amateurs ilifungwa kwa kukosa pesa. Yeye na wenzake wakaanza upya chini ya jina Concert de la Loge Olympique. Orkestra ile iliagiza simfonia sita kwa Haydn, ambaye alikuwa mbali, katika kazi ya mwana wa mfalme mmoja wa Hungaria, na kundi la wachezaji wasiozidi thelathini. Paris ilikuwa na violoni kama arobaini na besi kubwa kumi, wachezaji wamevaa makoti ya buluu nyepesi na panga kiunoni. Walimlipa louis 25 kwa kila simfonia, malipo ambayo Haydn hakuwahi kuyaona kwa kazi ya namna ile. Ndizo simfonia namba 82 hadi 87, zinazoitwa hadi leo simfonia za Paris, na zilitolewa kwa mara ya kwanza na orkestra ile, Saint-Georges akiwa kiongozi.

Fikirini kidogo. Haydn aliandika zile simfonia akijua ukubwa wa orkestra itakayozicheza, na unausikia ukubwa ule ndani yake. Mwana wa Nanon alikuwa amejenga chombo ambacho mtungaji mkubwa wa Ulaya alikiandikia. Muziki ule unachezwa kila mwaka duniani kote, na jina lililosaidia kuuzaa halitajwe. Mnatafuta kitu "walichotuficha"? Hiki hapa. Lakini hakiingii vizuri chini ya picha, juu hakuna mtu anayeshindwa ndani yake.

Ya mwisho nayapitia haraka. Mapinduzi yalipokuja, alisimama upande wa Mapinduzi. Mwaka 1792 akapewa kuongoza kikosi cha watu wa rangi, karibu watu elfu moja. Chini yake alikuwako Thomas-Alexandre Dumas, baba ya yule mwandishi wa riwaya. Mwaka 1793 akafungwa na serikali ile ile aliyoipigania, akakaa gerezani karibu mwaka bila hukumu. Akiwa mle ndani, Februari 1794, Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake. Alipotoka hakurudishiwa kikosi, akarudi ku violoni na kuongoza orkestra tena. Alikufa Juni 1799. Mwaka 1802 Napoleon akarudisha utumwa, na huko Guadeloupe jenerali Richepance ndiye aliyeurudisha kwa risasi.

Kiisha akasahaulika. Hapa tunapenda kusema: walimficha juu alikuwa mweusi. Ni kweli kwa sehemu. Watu waliomuandika baadaye walipenda upanga na mambo ya wanawake kuliko noti, kama vile mweusi hawezi kuwa na kitu cha kusomwa. Lakini Gossec naye nani anamsikiliza leo? Cambini je? Wazungu wote wawili, Paris ile ile, na vumbi lile lile. Mtindo ulibadilika, Mapinduzi yalivunja sebule walizozichezea, na muziki ule ulizama pamoja nao. Tukisema rangi ndiyo sababu ya kila kitu, siku tutakayosema rangi ndiyo sababu ya mwaka 1776, ambapo ushahidi uko wazi kama jua, hakuna atakayetusikia. Hoja ni kama dawa ya mimea: ukiipulizia kila mahali, wadudu wanaizoea.

Paris ilikuwa na njia iliyoitwa kwa jina la yule jenerali Richepance. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walilitoa jina lile, wakaweka kibao kipya: rue du Chevalier-de-Saint-George. Hawakuandika "njia ya Mozart mweusi". Kwa mara moja walimwita alivyoitwa.

Na sisi tufanye vile. Mwenye megabaiti chache aanze na ile sehemu ya polepole ya Opus 5 namba 2, kiisha asikilize simfonia moja ya Haydn kati ya 82 na 87 akijua nani alikuwa ameshika upinde. Mwenye kuona nimemuonea juu ya opera, aandike hapa, tutabishana kwa adabu. Lakini picha ikipita tena ku simu yenu, mbele ya kuisukuma, futeni yale maneno mawili ya chini na muandike: Joseph Bologne de Saint-Georges, mtungaji na kiongozi wa orkestra, mwana wa Nanon.